Bastola Iliyokwama Si Bastola Tupu

Miongoni mwa vyombo vyote alivyoviunda mwanadamu, ni vichache vinavyodai uangalifu mkubwa kama silaha ya moto. Na miongoni mwa nyakati zote silaha iwapo mkononi, hakuna wakati wa hatari kuliko ule inapokataa kufanya kazi. Bastola inayolia vizuri huheshimiwa na kila mtu. Lakini bastola iliyokwama hupoteza heshima yake mara moja. Mwenyewe huigeuza huku na huko, huitikisa, huigonga mezani, humwelekezea jirani yake huku akimwuliza ina nini, na wengine huthubutu hata kuchungulia mdomoni mwake kama mtu achunguliaye kisima. Ni juu ya ujasiri huo usiokuwa na msingi tunapotaka kusema leo.

Hatuandiki maneno haya kwa ajili ya kuisifu silaha. Laiti dunia ingekuwa haina haja nayo, tungefurahi zaidi. Lakini bastola zipo. Zipo viunoni mwa askari polisi, zipo kwa walinzi wa fedha, na zipo katika masanduku ya raia waliopewa kibali. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015, zote zataka mwenye silaha awe na leseni. Jambo hilo ni jema. Hata hivyo, leseni ni karatasi. Nayo karatasi haimfundishi mtu afanye nini siku ganda la risasi litakapokataa kutoka.

Ili tuelewane, hatuna budi kueleza kwanza jinsi bastola inayojipakia yenyewe inavyofanya kazi. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti iliyo ndani yake, na kichwa cha risasi kilichoziba mdomo wake. Kifyatulio kikivutwa, pini huigonga fataki, fataki huwasha baruti, na moshi wenye nguvu hukisukuma kichwa cha risasi kupitia kwenye kasiba mpaka nje. Nguvu hiyo hiyo huisukuma nyuma slaidi, yaani kile kipande kirefu cha chuma kinachoteleza juu ya bastola. Katika slaidi hiyo mna ukucha mdogo wa chuma ulioung'ang'ania ukingo wa ganda. Slaidi inaporudi nyuma, ukucha hulivuta ganda kutoka chemba. Ganda hugonga kijiti kilichosimama upande wa pili, nalo hurushwa nje kupitia mlango wa ubavuni. Kisha springi huirudisha slaidi mbele, nayo njiani hukomba risasi nyingine kutoka magazini na kuiingiza chemba. Haya yote hutendeka kabla ya mtu kupepesa jicho.

Sasa basi, ukucha huo ukiwa mchafu, au umevunjika ncha, au umelegea, mambo hubadilika. Ganda tupu hubaki chemba, na risasi mpya huja kulipiga kwa nyuma. Zikabanana mbili mahali pa moja. Au ganda hutoka nusu, likasimama wima mlangoni kama bomba la moshi, likabanwa na slaidi. Hayo ni makwamo yanayoonekana kwa macho, na kila mwenye bastola huyajua au atayajua.

Lakini lipo kwamo la tatu, lisiloonekana, nalo ndilo lililotusukuma kushika kalamu. Wengi hawajui kwamba risasi inapolipuka, nguvu ya moshi wenyewe husaidia kulisukuma ganda nyuma. Ipo hata bastola ndogo ya Kitaliano, Beretta 950, ambayo haikuwekewa ukucha kabisa. Hutegemea msukumo huo tu, na hufanya kazi. Maana yake ni kwamba bastola yenye ukucha mbovu yaweza kupiga vyema siku nzima uwanjani bila kuonyesha dosari yo yote. Dosari yake hujificha mpaka pale mtu anapotaka kuipakua kwa mkono. Hapo hakuna mlipuko wa kusaidia. Ukucha peke yake ndio unaotakiwa kuitoa risasi iliyo chemba, nao hauna nguvu ya kufanya hivyo. Mwenye bastola hutoa magazini, huvuta slaidi mara moja, mara mbili, hasikii kitu kikianguka sakafuni, naye huamini kuwa chemba ni tupu. Kumbe risasi imo, imelala pale pale ilipokuwa, inamngoja avute kifyatulio ili ahakikishe.

Ndiyo maana twasema bastola iliyokwama si bastola tupu. Mkono uliovuta slaidi si ushahidi. Sikio lisilosikia risasi ikianguka si ushahidi. Ushahidi ni jicho lililotazama ndani ya chemba, na kidole kilichopapasa humo na kukuta shimo.

Wapo watakaotujibu kwamba bastola zao haziwezi kulia magazini ikiwa nje. Ni kweli kwamba baadhi hutengenezwa hivyo. Bastola iitwayo Browning Hi-Power, iliyoanza kutengenezwa Ubelgiji mwaka 1935 na kuenea katika majeshi mengi ya dunia, kwa kawaida ina mtambo unaozuia kifyatulio magazini inapotolewa. Lakini Colt ya mwaka 1911, ambayo chimbuko lake ni fundi yule yule, haina mtambo huo; hulia magazini iwapo au isiwepo. Mtu aliyeizoea ya kwanza akishika ya pili, mazoea yake humgeukia kuwa mtego. Afadhali desturi moja ya kuzichunguza zote kuliko kutegemea huruma ya mtengenezaji.

Wazee wetu waliotumia gobori hawakuwa na taabu hii, kwa sababu gobori halina ganda la kuvutwa; baruti na risasi vilishindiliwa kwa mdomoni, na kilichobaki baada ya mlio kilikuwa masizi tu. Taabu ya ganda ilikuja pamoja na bunduki za kupakiwa kwa nyuma. Katika bara letu hili la Afrika, askari wa Kiingereza waliopigana Sudani mwaka 1885 walilalamikia bunduki zao za Martini-Henry, ambazo maganda yake wakati huo yalikuwa ya bati jembamba la shaba lililoviringwa. Kwa joto na mchanga wa jangwani, maganda hayo yalinasa chemba, na askari wakajikuta wakipambana na bunduki zao wenyewe huku adui akiwa mbele yao. Baadaye maganda yalitengenezwa kwa shaba nzima isiyo na kiungo, na hali ikawa afadhali. Tangu siku zile, kila fundi wa silaha amejua kwamba kuilipua risasi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuliondoa ganda lake.

Mmoja wa waliolijua hilo vyema ni John Moses Browning, mzaliwa wa Ogden katika jimbo la Utah, Marekani, mwaka 1855, ambaye alifariki mwaka 1926 akiwa kazini huko Ubelgiji. Bastola yake ilijaribiwa na jeshi la Marekani mwezi Machi 1911. Ilipigwa risasi 6,000. Ilipopata moto kupita kiasi, ilitumbukizwa majini ipoe, kisha ikaendelea. Haikukwama hata mara moja, ilhali mpinzani wake, bastola ya Savage, ilikwama mara nyingi. Tarehe 29 Machi mwaka huo huo jeshi likaikubali, nayo ikadumu kuwa bastola rasmi ya jeshi hilo hadi mwaka 1985. Twaitaja kwa sababu ukucha wake ni somo zuri. Si ukucha mfupi wenye springi yake pembeni, bali ni ufito mrefu wa chuma cha pua ulioingizwa ndani ya slaidi. Ufito wenyewe ndio springi. Nguvu ya kulishika ganda yatokana na mpindo mdogo wa ufito huo. Mpindo ukipotea, nguvu imepotea.

Na mpindo hupotea vipi? Mara nyingi kwa mikono ya mwenyewe. Browning alikusudia risasi itoke magazini, na ukingo wake uteleze kutoka chini hadi ndani ya ukucha, taratibu, kama mguu uingiavyo kiatuni. Lakini wapo wanaodondosha risasi moja kwa moja chemba, kisha huiachia slaidi ijipige mbele. Hapo ukucha hulazimishwa kuuruka ukingo kwa nguvu. Siku ya kwanza hapana neno; siku ya pili hapana neno; lakini mwisho wake ukucha hulegea au ncha yake hukatika. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Tueleze basi utaratibu ambao mafundi wa silaha huufuata bastola inapokataa kutoa ganda. Kwanza, mdomo wa bastola huelekezwa mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu, na kidole hukaa mbali na kifyatulio. Pili, magazini hutolewa. Tatu, na ni baada ya magazini kutoka tu, slaidi huvutwa nyuma na kufungwa huko huko. Atakayeanza na slaidi kabla ya magazini ataitoa risasi moja na kuingiza nyingine, naye atadhani amemaliza. Nne, chemba hutazamwa na kupapaswa. Ikionekana risasi nzima imenasa humo na haitoki kwa kuvuta slaidi, kazi ya mwenye bastola imekoma hapo. Asiigonge kwa ufito kutoka mdomoni wala asiichokonoe kwa bisibisi, kwa maana fataki haijui tofauti ya pini na bisibisi. Aiache mahali salama, mdomo ukielekea pasipo mtu, aite fundi.

Kabla ya kufungua hata kipande kimoja, fundi mzuri huokota maganda. Ganda ni shahidi asiyesema uongo. Ukiona ukingo wake umechanika au umenyofolewa, ujue ukucha ulishika vizuri na kuvuta kwa nguvu, ila chemba ndiyo iliyokataa kuliachia. Tafuta kutu, uchafu au mikwaruzo ndani ya chemba, au risasi isiyofaa. Ukiona ukingo ni mzima, hauna alama ya kuvutwa, ujue ukucha haukushika. Tafuta uchafu, ulegevu au ncha iliyokatika. Na ikiwa ganda lilitoka chemba lakini likabanwa mlangoni, usiushitaki ukucha peke yake: huenda baruti ilikuwa dhaifu, au kijiti cha kurushia kimevunjika, au mpigaji aliishika bastola kwa mkono mlegevu hata slaidi ikakosa kimbilio la kurudia. Magonjwa ni matatu na dawa ni mbalimbali. Anayewapa wagonjwa wote dawa moja si mganga.

Colt ya 1911 hufunguliwa bila kutumia nguvu. Kizibo cha springi kilicho chini ya mdomo wa kasiba hubonyezwa, na pete ya mdomoni huzungushwa kama robo mzunguko. Hapo kizibo hushikwa kwa kidole gumba, la sivyo springi hukirusha ng'ambo ya chumba au machoni. Slaidi hurudishwa nyuma mpaka pengo lake dogo likabiliane na kizuizi, na kizuizi husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto. Slaidi hutelezeshwa mbele pamoja na kasiba. Ili kuutoa ukucha, pini ya kupigia hubonyezwa ndani kwa kijiti, kibati kilichoizuia huteremshwa, pini hutolewa kwa uangalifu kwa kuwa nayo ina springi, kisha ule ufito mrefu huvutwa kwa nyuma. Mara nyingi fundi hukuta hapo chanzo cha taabu yote: masizi na vipande vya shaba vilivyoshindiliwa chini ya ncha ya ukucha mpaka hauna nafasi tena ya kuukumbatia ukingo. Brashi, kitambaa, na tone moja la mafuta humaliza kazi ambayo mwenyewe alidhani itamgharimu bastola mpya.

Ukucha ukiwa safi na bado kuna shaka, upo mtihani mwepesi. Slaidi ikiwa peke yake mkononi, risasi bandia isiyo na baruti wala fataki hutelezeshwa chini ya ukucha, kisha slaidi hutikiswa kidogo. Risasi bandia ikibaki imeshikwa, ukucha una nguvu. Ikianguka yenyewe, ukucha umelegea. Twasisitiza neno bandia. Mtihani huo haufanywi kwa risasi ya kweli, hata na fundi mwenye miaka mingi.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wazuri hutofautiana na wabaya. Fundi mzuri hubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha hujaribu. Hubadili risasi kwanza, kwa kuwa ni rahisi, kisha magazini, kisha husafisha, kisha hukagua ukucha, kisha springi, na chemba huwa ya mwisho. Fundi mbaya hubadili vyote siku moja, akashukuru bastola ikilia, bila kujua kilichoiponya. Aliye mbaya zaidi huanza na tupa. Chuma kilichokwisha kukwanguliwa hakirudi, na chemba iliyopanuliwa kwa tupa yaweza kulipasua ganda mbele ya uso wa mtu. Kwa hiyo, kusafisha na kukagua ni haki na wajibu wa mwenye silaha. Kukata, kupinda na kukwangua ni kazi ya fundi aliyeruhusiwa na sheria.

Tungeweza kuishia hapa kama jambo hili lingekuwa la chuma peke yake. Lakini lina upande wa pili, nao ni mzito zaidi. Silaha inapokwama, nani hulaumiwa?

Historia imetupa jibu lisilopendeza. Katikati ya miaka ya 1960 Marekani iliwapelekea askari wake huko Vietnam bunduki mpya ya M16. Si muda bunduki hizo zikaanza kukwama, na kwamo baya kuliko yote lilikuwa hili hili tunalolizungumza: ganda kunasa chemba. Askari alilazimika kuingiza ufito wa kusafishia kwa mdomoni ili aligonge litoke, na hayo katikati ya mapigano. Wapo waliokutwa wameuawa kando ya bunduki zilizokwama. Kauli ya kwanza ya wakubwa ilikuwa kwamba askari hawazisafishi bunduki zao. Ni kweli baadhi hawakuzisafisha. Lakini wengi hawakupewa vifaa vya kusafishia, na walikwisha kuambiwa kwamba bunduki hii haihitaji matunzo mengi. Barua za askari zilifika makwao, na makwao zikafika Bungeni. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge iliyoongozwa na Richard Ichord ilichunguza, ikaona kwamba sababu kubwa ya makwamo hayo ilikuwa kubadilishwa kwa aina ya baruti bila kupimwa vya kutosha. Aidha, chemba za bunduki hizo hazikuwa zimepakwa kromiamu ya kuzikinga na kutu. Chemba zikapakwa, vifaa vikapelekwa, mafunzo yakatolewa. Hata kitabu cha matunzo chenye michoro ya Will Eisner kikachapishwa. Makwamo yakapungua sana. Lakini waliokufa hawakufufuka.

Twaikumbuka habari hiyo kila tusikiapo kwamba mlinzi fulani amefukuzwa kazi kwa sababu silaha yake haikulia usiku wa wezi, au kwamba askari fulani ni mzembe kwa kuwa bastola yake ilikwama. Huenda ni mzembe kweli. Lakini je, aliyempa silaha alimpa brashi na mafuta? Alimpa risasi za aina inayofaa, au masalio yaliyokaa ghalani mpaka yakaota ukungu? Silaha hiyo ilikaguliwa na fundi lini? Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Na tajiri asiyetunza silaha zake humsingizia mlinzi. Haki yataka ganda liokotwe na kutazamwa kabla ya barua ya kumfukuza mtu kuandikwa.

Nasaha yetu ni hii. Kwa waajiri wa walinzi na wakuu wa vituo: silaha zikaguliwe kwa ratiba inayojulikana, kila kwamo liandikwe katika daftari pamoja na namba ya silaha na aina ya risasi, na anayeripoti dosari asiadhibiwe kwa kuripoti. Bastola inayojificha dosari yake ni hatari; mlinzi aliyefundishwa na hofu kuificha dosari hiyo ni hatari maradufu. Kwa raia wenye leseni: jifunzeni kuifungua silaha mliyopewa, mwe na mazoea ya kuisafisha, na msiwaachie watoto hata magazini tupu waichezee.

Na kwa kila mmoja wetu atakayekuta siku moja bastola mkononi, iwe nzima au mbovu, yake au ya mwenzake, tunarudia neno tulilolianza. Toa magazini. Vuta slaidi. Kisha tazama, na baada ya kutazama, papasa. Ukucha ule ni mdogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga, lakini siku utakaposhindwa kazi yake, kitakachomwokoa mtu aliye chumba cha pili ni dakika moja ya mtu asiyeona haya kuangalia tena.